Daktari Allison na Hesabu ya Damu

Karani akiulizwa faida ya kuhesabu atajibu kwamba hesabu huzuia wizi na kufichua deni. Mkulima naye atasema kwamba humjulisha kama magunia yaliyomo ghalani yatawafikisha watoto wake mavuno mengine. Majibu yote mawili ni ya kweli. Lakini iko faida ya tatu ambayo wengi hawaikumbuki: kuhesabu kwa uangalifu kwaweza kufunua sababu ya kifo cha mtoto, na kumwondolea mama yake lawama isiyo ya haki. Jambo hilo lilitendeka hapa Afrika ya Mashariki katikati ya karne iliyopita, na aliyelitenda ni Daktari Anthony Allison, mtu aliyekulia shambani karibu na Gilgil, na ambaye baadaye alirudi kuongoza maabara kubwa ya utafiti huko Kabete, upande wa magharibi wa Nairobi.

Ugonjwa wenyewe ulijulikana na wazazi kabla haujajulikana na madaktari. Mtoto huzaliwa mzima na kunyonya vizuri, lakini akishapata miezi kadhaa huanza kubadilika. Mikono na miguu humvimba, macho huwa ya manjano, damu humpungua, na maumivu ya mifupa humliza usiku kucha. Huonekana zaidi katika nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria na katika pwani. Zamani wengi wa watoto hao hawakufikia umri wa kwenda shule. Majirani nao hawakukosa la kusema: huyu alinena kuwa ni uchawi, na yule kuwa ni laana ya ukoo, na pengine mwanamke aliyefiwa na watoto wawili au watatu aliambiwa arudi kwao.

Mwaka wa 1910 daktari mmoja wa Chicago, James Herrick, alichapisha habari za mgonjwa wake, kijana mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Alipoitazama damu ya kijana huyo kwa hadubini aliona kwamba baadhi ya chembe nyekundu hazikuwa za mviringo kama ilivyo kawaida, bali zilipinda na kuchongoka mfano wa mundu. Ndiyo sababu ugonjwa huo huitwa selimundu. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa myembamba kama vijiti vinavyoziba mfereji wa maji shambani, na penye kuziba ndipo penye maumivu. Tena hazidumu, hufa upesi, na mwili hushindwa kuzirudisha kwa wakati.

Katika mwaka wa 1949 ilithibitishwa jinsi ugonjwa huo unavyorithiwa. Kila mtu hupokea kwa wazazi wake mbegu za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni, nazo huja mbili mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyepokea jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida huishi kama watu wengine, na pengine hafahamu kamwe kwamba anayo. Aliyepokea mbili ndiye mgonjwa. Basi mume na mke wenye jeni moja kila mmoja wakioana, kila mtoto wanayemzaa yuko katika hatari ya sehemu moja katika nne ya kuzaliwa mgonjwa. Hapo yafaa msomaji aangalie neno moja: mtoto huyo hakurithi kwa mama peke yake, wala kwa baba peke yake. Ni lazima wote wawili wawe wametoa.

Lakini ufumbuzi huo ulizaa fumbo lingine kubwa zaidi. Ikiwa wagonjwa hufa kabla ya kuzaa, jeni zao huzikwa pamoja nao. Kwa nini basi jeni hiyo haikumalizika zamani? Na kwa nini katika nchi nyingine za Afrika mtu mmoja katika kila watano alikuwa nayo?

Aliyejiuliza swali hilo kwa bidii alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka wa 1925, akaletwa Kenya na wazazi wake, akalelewa katika shamba kwenye Bonde la Ufa. Alisoma shule nchini Kenya, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, na baada ya hapo Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, alikojifunza elimu ya urithi na udaktari. Kilichomvuta tangu ujana ni habari za chanzo cha wanadamu na namna viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Alivisoma vitabu vya Charles Darwin. Na pamoja na hivyo alizisoma kazi za wataalamu wa hesabu waliokuwa wameipa elimu ya Darwin mizani na vipimo. Mmojawapo wa hao alikuwa Mwingereza Ronald Fisher, naye apaswa kuelezwa kidogo, kwa kuwa bila hesabu zake kazi ya Allison haifahamiki vema.

Fisher alizaliwa London mwaka wa 1890. Macho yake yalikuwa dhaifu mno, hata ikawa wakati mwingine alifundishwa hesabu bila kuandika, naye akazoea kuona maumbo na namba akilini mwake. Alisoma shule ya Harrow, na mwaka wa 1909 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Vita Kuu ya kwanza ilipotokea alitaka kuwa askari, akakataliwa kwa ajili ya macho. Akafundisha shuleni miaka kadhaa. Mwaka wa 1919 aliajiriwa katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, ambako daftari za mbolea na mavuno zilikuwa zimewekwa kwa zaidi ya miaka 70 bila ya mtu kuzipatia maana yake yote. Huko ndiko alikowafundisha wakulima wa majaribio kugawa shamba katika vipande vingi na kupiga kura ni kipi kitakachotiwa mbolea na kipi kitakachoachwa, ili rutuba ya ardhi au upendeleo wa mtu usije ukadanganya hesabu.

Huko huko bibi mmoja, mtaalamu mwenzake, alisema kwamba aweza kutambua kwa kuonja kama katika kikombe chai ilitangulia kumiminwa au maziwa. Fisher hakubishana naye. Alionyesha kwamba zikitengenezwa chai vikombe vinane, vinne kwa njia hii na vinne kwa njia ile, na kupangwa kwa kura, ziko njia 70 za kuchagua vikombe vinne katika vinane. Kwa hiyo mtu asiyejua lolote atapata sawasawa kwa bahati mara moja tu katika 70. Habari hii ya chai yaweza kuchekesha, lakini fundisho lake ni zito: kabla ya kuamini jambo, uliza kwanza ni mara ngapi bahati peke yake ingeweza kulileta.

Mwaka wa 1949 Allison alifika Kenya pamoja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walitazama mimea na wadudu wa mlimani. Yeye alizunguka nchini akichukua matone ya damu ya watu wa makabila mengi. Kila tone alilipima. Damu iliyofungiwa chini ya kioo isipate hewa, kama ina jeni ya selimundu, chembe zake hupinda mbele ya macho ya mtazamaji. Alipoziweka hesabu zake pamoja, aliona jambo la ajabu. Karibu na pwani na karibu na Ziwa Viktoria watu wenye jeni hiyo walizidi 20 katika kila 100. Katika nyanda za juu na katika nchi kavu zilizo katikati walipungua hata chini ya mmoja katika 100. Mpaka uliopita kati yao haukuwa mpaka wa lugha wala wa kabila. Ulikuwa mpaka wa mbu. Mahali penye joto, maji na malaria ya daima, ndipo palipokuwa na selimundu nyingi.

Wengine walikuwa wamekaribia jambo hilo kabla yake. Daktari Beet, aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo siku hizi ni Zambia, aliandika mwaka wa 1946 kwamba wenye jeni hiyo walionekana na vijidudu vya malaria kwa uchache kuliko wenzao. Naye Haldane, Mwingereza mwingine bingwa wa hesabu za urithi, alikuwa amefikiri vivyo hivyo juu ya ugonjwa mwingine wa damu ulioko nchi za Bahari ya Kati. Lakini kufikiri si kuthibitisha. Allison alikuwa bado mwanafunzi, akarudi Oxford kumaliza masomo yake, na fumbo hilo akalihifadhi moyoni miaka minne.

Aliporudi mwaka wa 1953, akiwa daktari kamili, alifanya majaribio ya namna mbili. Katika la kwanza walijitolea wanaume 30 Wajaluo, watu wazima waliokuwa wameishi muda mrefu mbali na nchi yenye malaria. Kumi na watano walikuwa na jeni moja ya selimundu, na kumi na watano hawakuwa nayo. Wote walitiwa malaria kwa makusudi, kisha damu yao ikaangaliwa muda wa siku 40. Kati ya wale 15 wasio na jeni, 14 walionekana na vijidudu vya malaria. Kati ya wale 15 wenye jeni, walikuwa 2 tu.

Je, yaweza kuwa ilikuwa bahati? Mtu akizipima namba hizo kwa njia ile ile ya vikombe vya chai, ataona kwamba bahati peke yake haingeweza kuleta tofauti kubwa kama hiyo hata mara moja katika mara 90,000. Vitabu vya elimu hulitaja jina la daktari. Hao wanaume 30 hawatajwi kwa majina, ingawa wao ndio walioihatarisha miili yao. Siku hizi jaribio la namna hiyo halikubaliwi bila idhini ya baraza la maadili na hati inayoonyesha kwamba kila mtu alielezwa hatari yote akakubali kwa hiari yake.

Jaribio la pili halikumdhuru mtu. Karibu na Kampala alipima damu ya watoto 290 wa Kiganda. Kati ya watoto 43 wenye jeni moja, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria, yaani 28 hivi katika 100. Kati ya 247 wasio nayo, walikuwa 113, yaani 46 hivi katika 100. Mwaka wa 1954 alichapisha habari hizo katika gazeti la madaktari wa Uingereza.

Sasa fumbo lile laweza kufumbuliwa kwa hesabu ambayo kila karani aweza kuifanya mezani pake. Chukua mfano wa kijiji ambacho katika kila jeni kumi moja ni ya selimundu. Katika watoto 100 watakaozaliwa, kwa desturi ya urithi, 81 watakuwa hawana jeni hiyo, 18 watakuwa nayo moja, na mmoja atakuwa nazo mbili. Huyo mmoja akifa, jeni mbili za selimundu katika 20 zimepotea. Hali ikiendelea hivyo, vizazi kumi vikipita, jeni hiyo itakuwa imepungua kufikia nusu.

Lakini tia malaria katika hesabu. Tuseme inawaua 9 katika wale 81, na wale 18 inawaacha. Wanaobaki kukua ni 72 na 18, jumla yao 90. Jeni zao ni 180, na katika hizo 18 ni za selimundu: moja katika kumi, sawasawa na mwanzo. Mizani haikuinama. Huu ni mfano tu, na hesabu za vijiji vya kweli hutofautiana, lakini ndivyo mambo yanavyokwenda. Fisher alikuwa amekwisha onyesha kwenye karatasi tangu mwaka wa 1922 kwamba mwenye jeni moja akiwa na nafuu kuliko asiye nayo na kuliko mwenye mbili, jeni zote hudumu pamoja. Alikuwa na hesabu bila mfano wa wanadamu. Allison aliuleta mfano.

Si wote waliosadiki mara moja. Jaribio lililofanywa Marekani mwaka wa 1955 halikuona tofauti ile, na madaktari wengine walishikilia shaka yao miaka mingi. Lakini utafiti uliofuata umewapa haki matone ya damu ya mwaka wa 1949. Huko Asembo, katika Siaya, watoto zaidi ya 1,000 waliangaliwa tangu kuzaliwa, na habari zilizochapishwa mwaka wa 2002 zilionyesha kwamba wenye jeni moja walikufa kwa uchache kuliko wenzao katika miezi ile ambayo malaria huua zaidi. Na huko Kilifi, katika habari zilizochapishwa mwaka wa 2005, ilionekana kwamba jeni moja hupunguza malaria kali kwa sehemu karibu 90 katika 100.

Allison mwenyewe alifanya kazi miaka mingi huko London, kisha akarudi Kenya. Mwaka wa 1973 ilikuwa imeanzishwa huko Kabete Maabara ya Kimataifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Mifugo, iliyojulikana kwa jina la ILRAD, ili kupigana na ndigana kali iletwayo na kupe na nagana iletwayo na mbung'o. Tangu mwaka wa 1978 hata 1980 yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake. Swali la huko halikuwa geni kwake: kwa nini mnyama huyu hufa na yule hupona, hali vijidudu ni vile vile? Katika miaka ya 1980 maabara hiyo iliwachunguza ng'ombe wa N'Dama wa Afrika ya Magharibi, ambao huvumilia nagana kwa urithi wao. Mwaka wa 1994 iliunganishwa na kituo cha Addis Ababa, ikawa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ambayo makao yake makuu ni Nairobi. Kutoka Kabete Allison alikwenda Kalifornia, ambako pamoja na mkewe, Daktari Elsie Eugui, alivumbua matumizi ya dawa iwasaidiayo watu waliopandikizwa figo, mwili usije ukaikataa figo ya mgeni. Alifariki mwaka wa 2014, akiwa na umri wa miaka 88.

Iko sehemu ya habari hii ambayo si ya kusifiwa, wala haifai kufichwa. Fisher, pamoja na akili yake yote, aliamini kwamba baadhi ya watu wana urithi bora kuliko wengine, na kwamba yafaa walio bora wazae zaidi na walio dhaifu wapunguzwe kuzaa. Imani hiyo ilitumika katika nchi kadhaa kuwadhulumu wanyonge. Kwa ajili hiyo, mwaka wa 2020 chuo chake huko Cambridge kiliondoa dirisha la vioo lililowekwa kwa ukumbusho wake. Lakini matone ya damu ya Kenya na Uganda yalikuwa yamekwisha kutoa jibu. Jeni ile ile humwua mtoto mmoja na kumwokoa ndugu yake. Ni hasara katika nyanda za juu na ni ngao kandokando ya ziwa. Basi nani atakayesema kwamba hii ni damu bora na ile ni damu duni, kabla ya kuuliza kwanza mtu anaishi wapi na anaumwa na mbu gani?

Kwa wazazi na vijana wa siku hizi yako mambo ya kushika. Kipimo cha damu kinachoonyesha kama mtu anayo jeni ya selimundu kinapatikana katika hospitali kubwa, na wanaotazamia kuoana hufanya vema kupimwa wote wawili, si mmoja. Mwenye jeni moja asidhani kwamba malaria haimpati. Hupunguziwa tu, na chandarua ni chake kama ni cha wengine. Mtoto mwenye jeni mbili hana ngao hiyo hata kidogo. Kinyume chake malaria humwua upesi, kwa hiyo apewe dawa ya kuikinga. Akitambuliwa mapema, akapewa penisilini na chanjo zake zote, na dawa ya haidroksiyurea inayopunguza maumivu, aweza kusoma, kufanya kazi na kuoa au kuolewa kama vijana wengine.

Na kadiri malaria inavyopungua nchini, ile faida ya zamani hupungua nayo, lakini hasara hubaki vile vile. Hata wajukuu wa watu waliohamia Nairobi, mahali ambapo mbu wa malaria ni haba, huichukua jeni hiyo mishipani mwao wasiijue. Ni mali ya urithi iliyolipiwa na mababu waliokufa kwa homa kandokando ya ziwa na bahari. Aliyefiwa hakulogwa, wala mkewe hakuleta laana nyumbani. Hesabu imekwisha fanywa, nayo imemwondolea hatia.